Dar hadi Mbeya na watoto wadogo: kipi ununue, kipi utoe jikoni

Ukianza kutafuta mtandaoni vifaa vya kusafiria na watoto, vinakujia kwa mafungu: godoro la upepo la kiti cha nyuma, friji ya kuchomeka kwenye gari, meza ya kuning'iniza, mto wa shingo wenye masikio ya sungura, poti ya kukunja, pazia la dirisha. Ukivinunua vyote, Noah imejaa kabla mabegi hayajaingia, na hela ya mafuta imeishia Kariakoo. Hapa nalinganisha kwa safari moja, Dar hadi Mbeya, kilometa kama 830, na watoto wa chini ya miaka sita. Wa Moshi na wa Mwanza watapunguza na kuongeza wenyewe. Wa Dodoma ana SGR tangu 2024, na kama mtoto wake ameshaanza kutembea, ushauri wangu ni mfupi: gari libaki nyumbani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Hela iende kwanza kwenye kiti cha mtoto, maana hicho hakina mbadala nyumbani. Kwenye mengine mengi, kilichopo jikoni kinashindana na cha dukani bila aibu, na mara nyingine kinakishinda.

Kiti

Mshindani wa kwanza wa kiti cha mtoto si kiti kingine, ni mapaja ya mama. Tuchukue mtoto wa kilo 10, gari liko kwenye mwendo wa 50, ule ule wa vibao vya vijijini. Likigonga na kusimama ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mikono iliyompakata inatakiwa ihimili nguvu sawa na kuzuia uzito wa karibu kilo 140. Hakuna mzazi mwenye mikono hiyo. Kujifunga mkanda mmoja wewe na mtoto ni kubaya zaidi, kwa sababu mwili wako ndio utakaomkandamiza kwenye mkanda. Mbeleko nayo ni ya kutembelea sokoni. Ndani ya gari haizuii kitu.

Ukishakubali hilo, ndipo ulinganishe viti vyenyewe:

| Aina | Mtoto wake | Uzuri | Shida njiani |
|---|---|---|---|
| Cha kichanga, chenye mpini | Kuzaliwa hadi kilo 13 | Kinatazama nyuma. Unamtoa nacho bila kumwamsha | Kinambana mapema. Si kitanda, kila baada ya kama saa mbili mtoto atolewe anyooshwe |
| Cha kugeuza | Kuzaliwa hadi kilo 18 | Kinatazama nyuma kwanza, mbele baadaye | Kikubwa. Kwenye IST au Vitz abiria wa mbele atakunja magoti |
| Cha kukua nacho | Kilo 9 hadi 36 | Kimoja kwa miaka mingi | Kwa kawaida kinatazama mbele tu |
| Cha kuinulia, chenye mgongo (busta) | Kilo 15 hadi 36 | Chepesi, kinahama gari kwa gari | Kinataka mkanda wa bega na kiuno. Penye mkanda wa kiuno peke yake hakifai |

Kilo hizo ni za kiwango cha zamani cha usalama wa viti, R44, ambacho ndicho utakachokutana nacho kwenye viti vingi vya mtumba. Kiwango kipya, R129, kinapima kwa urefu wa mtoto na kinataka atazame nyuma mpaka apite miezi 15. Sababu ni shingo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akitazama mbele gari likasimama ghafla, shingo ndiyo inayobeba kichwa chote. Akitazama nyuma, mgongo mzima wa kiti unampokea. Kwa hiyo mtoto wa miezi kumi aliyefikisha kilo 9 asikimbizwe kwenye kiti cha kukua nacho eti uzito umefika. Kama unanunua kimoja tu na mtoto hajafika miaka miwili, chukua cha kugeuza. Kisikae mbele penye eabegi inayofanya kazi kikiwa kimegeuzwa nyuma: ikifumuka inapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapo hapo.

ISOFIX, yaani vyuma vya gari vya kunasia kiti cha mtoto, au mkanda wa gari? Usiamini tangazo la aliyekuuzia gari, ingiza vidole kwenye mfereji kati ya kikalio na egemeo la kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vyembamba kama penseli, vimeshikana na bodi, unayo. Faida yake kubwa ni kwamba ni vigumu kukosea: kinalia, alama inageuka kijani, umemaliza. Kiti cha mkanda kinalinda vizuri pia, tatizo ni mikono ya mfungaji. Panda na goti moja juu ya kiti, weka uzito wako wote, mkono mmoja uvute mkanda mpaka ukatae. Halafu kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimeta mbili na nusu kwenda kushoto na kulia, fungua uanze upya. Ukisimama Morogoro kwa chai, kitikise tena.

Mtoto naye: ukiweza kukamata mkunjo wa mkanda begani kwa vidole viwili, umelegea. Hapo ndipo penye ugomvi wa jaketi. Kuanzia Iringa hadi Makambako kuna baridi ya kweli, Juni na Julai hasa, na bibi anayesubiri Mbeya ameshapiga simu mara tatu kuuliza kama mtoto amevaa. Jaketi nene chini ya mkanda linadanganya: unaona umebana, kumbe umebana sufu, na ajali ikitokea sufu inabonyea na mtoto anachomoka. Sweta jepesi na soksi, mkanda juu yake, kisha kitenge au blanketi juu ya mkanda. Bibi ataridhika akimwona.

Mtumba au kipya?

Wengi wanajibu haraka kwamba mtumba wa Ulaya ni bora kwa sababu ni orijino. Jibu langu linategemea kitako cha kiti. Muuzaji atakusifia kitambaa: "Dada, hiki cha Uingereza, gredi ya kwanza, angalia kilivyo kisafi." Mwambie, "Kaka yangu, naomba ukigeuze." Huko chini au nyuma tafuta stika ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, hapo pameandikwa kiwango, na kilo au urefu wa mtoto. Tafuta tarehe iliyochongwa kwenye plastiki, mara nyingi kiduara chenye mshale na mwaka katikati. Kisha pitisha jicho kwenye plastiki yenyewe mahali mkanda unapopita: plastiki iliyowahi kukunjwa kwa nguvu huacha mstari mweupe hata kama haijapasuka. Inua kitambaa uone povu la ndani kama limekatika. Bana kifungio, kifungue, kibane tena. Kitambaa kinafuliwa, ajali iliyopita haifuliwi. Cha Marekani hakitakuwa na ile E, kitaandikwa kwamba kinatimiza FMVSS 213, na hicho ni kiwango halali.

Kiti cha miaka kumi na zaidi sikichukui hata kikiwa kinang'aa. Plastiki iliyokaa juani inazeeka.

Lakini kati ya mtumba wenye stika na "kiti" kipya cha kitambaa kisicho na ganda, kile kinachofungwa kwa kamba nyuma ya egemeo na kuuzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, sisiti hata kidogo: mtumba. Kile kingine ni mto wenye kamba. Na kiti bora kuliko vyote ni cha mtu unayemfahamu, shemeji au jirani ambaye mwanawe amekua, kwa sababu unaweza kumuuliza uso kwa uso kama gari lake liliwahi kugongwa.

Godoro la upepo la kiti cha nyuma, lile ambalo kwenye picha watoto wawili wamelala wamekumbatia wanasesere, nalipatia nafasi moja tu: gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa. Likitembea, mtoto aliyelala hapo hana kinachomshika.

Jua

Tusemage ukweli, jua ndilo linaloliza watoto mchana kuliko njaa. Kabla ya kununua pazia, jua upande. Desemba, wakati wa kwenda kula sikukuu nyumbani, jua limeelemea kusini. Ukitoka Dar kuelekea Morogoro saa sita mchana linakupiga kushoto. Juni limehamia kaskazini, linapiga kulia. Kwa hiyo kiti kilichokaa vizuri safari ya Krismasi ya mwaka jana si lazima kikae hapo hapo likizo ya Juni.

Mapazia yapo ya namna tatu. Ya kunyonya kioo ni rahisi na yanabandika popote, ila vumbi na joto vikizidi yanadondoka, mara nyingi juu ya mtoto aliyekwisha lala. Futa kioo na lowesha kile kikombe cha kunyonyea kwanza. Soksi ya dirisha, wavu unaovalishwa mlango mzima kutoka juu, ni bora zaidi kwa IST, Passo na gari lolote lenye milango ya kufunguka: kioo kinashuka, upepo unaingia, nzi wanabaki nje. Kwenye mlango wa kuteleza wa Noah haivai, kwa hiyo mwenye Noah arudi kwenye ya kunyonya. La tatu ni kanga, unabana pindo juu ya kioo na kufunga mlango. Kanga ni nzito kuliko zote kwa kivuli, lakini inaziba hewa na inamzibia dereva akitazama nyuma. Nzuri ukiwa umesimama kula, si kwenye mwendo. Kazi yake halisi ni nyingine: funika nayo kiti kitupu mnaposhuka. Kifungio cha chuma kilichopigwa jua Ruaha Mbuyuni, huko chini bondeni kwenye mibuyu, kinaunguza paja la mtoto.

Chupa ya chai dhidi ya friji ya gari

Hapa jikoni panashinda. Chupa ya chai nzuri, iliyosuuzwa kwanza kwa maji yanayochemka kabla ya kutiwa maji ya safari, inamaliza kazi ambayo friji haiwezi. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, usiyakoroge nyumbani ukayabeba. Beba unga umepimwa kwenye vikopo vikavu, maji ya moto kwenye chupa, ukoroge mtoto anapotaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni maji yasiyopungua nyuzi 70, na maziwa yasiyonywewa ndani ya saa mbili yamwagwe. Chupa ya maji baridi unayo ya kupozea kwa nje, si ya kuchanganyia. Uji wa lishe nao uingie kwenye chupa yake peke yake ukiwa unachemka, si wa vuguvugu. Anayenyonya ndiye abiria rahisi kuliko wote, ila gari lisimame. Asitolewe kwenye kiti likiwa linatembea.

Friji ndogo za kuchomeka kwenye gari, zile za bei nafuu zisizo na kompresa, zinapoza nyuzi kama 15 hadi 20 chini ya joto lililopo. Bondeni kukiwa na 35, umepata maji ya mtungini. Na mkisimama kula injini imezimwa, ama nayo imezimika au inakunywa betri. Deli lililojazwa chupa za maji zilizogandishwa usiku linashinda: barafu ikiyeyuka ni maji ya kunywa, hakuna tope la kumwaga. Friji ya kweli, yenye kompresa, namshauri mwenye dawa inayotaka ubaridi, basi.

Hotpoti kwa wali na kuku, ndiyo. Karanga na korosho za njiani zibaki kwa wakubwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano asitafune karanga nzima, na ndani ya gari linaloruka matuta ndiyo kabisa.

Choo

Barabara inakatiza hifadhi ya Mikumi kwa kilometa kama 50, na humo huteremki kumpeleka mtoto kichakani. Kuna twiga, na kuna faini. Kule mbele, kwenye mlima wa Kitonga, hakuna mahali pa kusimama kwa usalama malori yakiwa yamepangana. Kwa hiyo swali la poti si la anasa.

Poti ya kawaida ya plastiki mtoto ameizoea, hilo ndilo jambo lake kubwa. Ila haina mfuniko na inakula nafasi. Ya kukunja yenye mifuko yake inalala bapa chini ya kiti, inafaa sana kwa binti wa miaka miwili mitatu, lakini mifuko yake ikiisha unahangaika. Mshindani wa jikoni ni ndoo ndogo ya mafuta ya kula, lita tano, ile ya mfuniko wa kubana. Zungushia ukingo kitambaa, weka pampasi moja kavu chini, inafyonza kila kitu, funga. Harufu haitoki. Naichagua hii kwa sababu ya mfuniko tu, na kwa sababu kimya cha gari lenye harufu kutoka Mikumi hadi Iringa sikitaki tena kukisimulia. Aliyeacha pampasi miezi michache tu avalishwe kwa safari, hiyo si kurudi nyuma. Ila mzoesheni poti, au ndoo, siku kadhaa nyumbani. Mtoto hakubali chombo kigeni kwa mara ya kwanza barabarani.

Kitonga

Watoto wa chini ya miaka miwili hawasumbuliwi sana na kichefuchefu cha gari. Kuanzia miwili hadi kumi na miwili ndiyo umri wenyewe. Na Kitonga inawangoja: kona juu ya kona, gari liko gia ya pili nyuma ya lori, moshi unaingia, na mtoto ametoka kula chipsi mayai Ruaha Mbuyuni.

Vya kulinganisha hapa ni dawa, chombo na macho. Dawa: Phenergan, ambayo nyumba nyingi zinayo, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kuzuia pumzi, na kwa aliyezidi hapo aseme daktari au mfamasia kwa uzito wake. Kumpa mtoto dawa ili tu alale safari nzima, hapana. Macho yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kishikwambi kizimwe kabla ya mlima, mtoto atazame mbele, mbali, dirisha liwe wazi kidogo; mwenye busta anafaidika hapa kwa sababu ameinuliwa na anaona nje. Chakula kiwe chepesi chini ya mlima, kizito kisubiri Iringa.

Chombo sasa. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019, ile rambo ya zamani haipo. Mifuko maalumu ya kutapikia yenye mdomo mgumu ni mizuri, lakini ni ya kutumia mara moja na kuitupa. Kopo la aiskrimu la lita mbili linaishinda: mdomo mpana, mtoto wa miaka minne analishika mwenyewe, lina mfuniko, na Ilula unaliosha. Likae miguuni kwa mtu mzima, si kwenye buti. Pembeni yake nguo moja kamili ya mtoto, na fulana moja ya mama, kwa sababu matapishi hayachagui. Kama ametapika mara kadhaa na anaonekana kuishiwa nguvu, ndipo pakiti ya ORS inapostahili nafasi yake. Soma pakiti inataka maji kiasi gani.

Burudani, kwa kifupi

Kishikwambi kinanunua utulivu wa Chalinze hadi Morogoro, mahali penye tambarare. Pakua kila kitu kabla. Kishikilia chake kifungwe imara nyuma ya kiti cha mbele, maana kikichomoka ni jiwe. Meza ya kuning'iniza yenye kona ngumu inaingia kundi hilo hilo. Hedifoni za watoto ziwe zile zenye kikomo cha 85 dB. Penseli za rangi zinaanguka chini ya kiti ndani ya dakika. Vitendawili havianguki, na dereva anashiriki.

Wa basi

Ukiondokea stendi ya Magufuli, hesabu inabadilika. Mlipie mtoto siti yake, hata kama kondakta anakwambia utampakata. Siti nyingi zina mkanda wa kiuno tu, kwa hiyo busta iache. Baadhi ya viti vya mtoto vyenye mikanda yao vinaruhusu kufungwa kwa mkanda wa kiuno. Hilo litaandikwa kwenye kiti chenyewe pamoja na mchoro. Kama chako kinaruhusu, mwombe wakala siti mbili za pamoja katikati ya basi, mbali na tairi na mlango, ufike mapema ukifunge kabla watu hawajajaa. Chupa ya chai, kopo la aiskrimu na kanga vinaingia kwenye begi moja la mgongoni. Ndoo ya poti haiingii. Kwenye basi aliye chini ya miaka mitatu avae pampasi, na za akiba ziwe miguuni, kwa sababu buti halifunguliwi mpaka mfike.